Arsène Bisimwa na Kitabu Chekundu Kilichoshonwa

Ndugu wafiwa, majirani wa Kings Heath, jumuiya ya Wakongomani wa Birmingham, na ninyi mliotoka msikitini mkaja kukaa nasi hapa kanisani bila kusubiri kualikwa, familia inawashukuru kabla ya neno lingine lolote, na inawaomba mzime simu, kwa sababu marehemu alikuwa hapendi kukatizwa, na sisi tuliobaki tumerithi tabia hiyo.

Marehemu Arsène Bisimwa Mugaruka alizaliwa tarehe 9 Juni 1960 huko Walungu, Kivu ya Kusini, Kongo, mtoto wa nne wa mzee Mugaruka, fundi seremala, na mama Nsimire, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Walungu kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari mjini Bukavu, lakini mwaka 1976 baba yake alifariki, ada ikakosekana, akatoka shule akiwa kidato cha nne na hakurudi darasani tena maisha yake yote. Alikasirika mtu akimwita msomi, akakasirika zaidi mtu akimwita asiyesoma, na wengi wenu mliowahi kuteleza upande mmoja au mwingine mnajua tunachosema.

Mwaka 1977 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji cha misheni hapo Bukavu, akaanza kwa kufagia, akapanda hadi kukunja karatasi, kisha kushona vitabu kwa uzi na kugandisha migongo kwa gundi, kazi aliyoifanya kwa karibu miaka ishirini. Katika kiwanda hicho ulikuwako utaratibu ambao marehemu aliushika kama katekisimu, kwamba kitabu kinapotoka mara ya kwanza kinashonwa kwa uzi, maana Mapadri wanataka kidumu, kikija kuchapwa tena kwa haraka kinapigwa gundi tu, basi. Utaratibu huo mkumbuke, kwa sababu ndio uliokuja kumpa marehemu sifa, na ndio uliokuja kumwangusha.

Tarehe 18 Agosti 1990, katika parokia ya Kadutu, alifunga ndoa takatifu na Mama Sabine M'Rugamba, ambaye mnamwona amekaa hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto wawili, Fortunée, aliyezaliwa Bukavu tarehe 2 Machi 1992, na Albert, aliyezaliwa hapa Birmingham tarehe 30 Septemba 2003. Vita vilipoingia Bukavu mwishoni mwa mwaka 1996 walikimbia, wakapita njia ambazo marehemu hakupenda kuzisimulia na sisi hatutazisimulia kwa niaba yake, wakaishi Nairobi miaka kadhaa, na tarehe 21 Novemba 2002 wakateremka hapa kwenye baridi. Alifanya usafi katika kiwanda cha magari cha Longbridge mpaka kilipofungwa mwaka 2005, kisha akanunua van kuukuu akawa anasafisha nyumba za watu waliofariki, akichukua vitabu ambavyo warithi hawakuvitaka, na mwaka 2008 akafungua kiduka chake cha vitabu vya zamani pembeni mwa High Street ya Kings Heath, ukuta kwa ukuta na duka la simu la Bwana Mahamud, Msomali wa Garissa, aliyekuja kuwa ndugu yake kuliko ndugu.

Mwaka 2009, katika mojawapo ya yale majumba makubwa ya Moseley, marehemu alikuta maboksi ya mwalimu wa Kihispania aliyekuwa amefariki, na ndani yake vitabu vyembamba vya Prensa Mezquite, kampuni ndogo ya mume na mke wa El Paso, Texas, waliochapa nyuma ya nyumba yao kazi za Wachikano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Kila kitabu kilikuwa na Kihispania ukurasa wa kushoto na Kiingereza ukurasa wa kulia, na marehemu, kwa Kifaransa chake cha shule na kamusi ya kuokota, alisoma kushoto na kulia mpaka akakielewa Kihispania bila mwalimu. Alivipenda vitabu hivyo kupita kiasi, na Mama Sabine alipomuuliza jumba la Mwingereza limempa nini, alimjibu, "Sabine, hii ni nyumba yetu kabisa, mimi ninasema Kiswahili ukurasa wa kushoto, watoto wananijibu Kiingereza ukurasa wa kulia, na wote tuko mu kitabu kimoja."

Sasa, anayenunua kitabu cha zamani anataka kujua jambo moja, kama hiki ndicho kilichotoka mara ya kwanza au ni cha kurudia, na wale wa Mezquite hawakuwahi kuandika popote ndani ya vitabu vyao kwamba hili ni toleo la kwanza. Marehemu akajifunza kuvitambua mwenyewe kwa kuvilaza viwili viwili mezani, akaona kwamba vya mwanzo vina anwani ya nyumba ya zamani, kwamba ndege wa nembo yao alitazama kushoto kabla ya kutazama kulia, na mambo mengine ambayo hadi leo hakuna aliyeyapinga. Mwaka 2015, Fortunée akimnyooshea Kiingereza, aliandika mwongozo akauweka mtandaoni, na wauza vitabu wa huko huko Texas wakaanza kuufuata. Lakini hakuwahi kumpa mteja karatasi ya uthibitisho, alimwangalia usoni akamwambia, "Nimesema ni cha kwanza, ni cha kwanza," na hiyo ndiyo iliyokuwa biashara yake nzima, neno lake.

Kitabu kilichotafutwa kuliko vyote kilikuwa kile cha mashairi ya wachuma pamba, chenye jalada jekundu, cha mwaka 1974. Vilikuwako vilivyoshonwa kwa uzi na vilikuwako vilivyopigwa gundi, na marehemu, mtoto wa kiwanda cha misheni, hakusita hata kidogo, akaandika kwamba cha uzi ndicho cha kwanza. Vya uzi akaviuza kwa heshima zote kwa watu waliovitamani, vya gundi akavitupa kwenye boksi la mlangoni pamoja na vitabu vya mapishi.

Jumamosi tarehe 13 Mei 2023 aliingia dukani mama mmoja mfupi, mwenye nywele nyeupe, jina lake Herlinda Bustillos, binti wa wale mume na mke wa Mezquite, aliyekuja Birmingham kumtembelea mjukuu wake anayesoma hapa, akasikia kuna Mkongomani anayevitunza vitabu vya wazazi wake, akaja na keki kumshukuru. Marehemu alifurahi mpaka akavunja kikombe, akapanda ngazi akamshushia kitabu chekundu cha uzi kwa mikono miwili, na yule mama akakipindua, akatazama mgongo, akacheka, akasema, "Haki ya Mungu, hivi ndivyo tulivyovishona jikoni! Gundi ya kwanza iliyeyuka kwa joto, watu wakawa wanaturudishia kurasa mkononi, mama akatukalisha watoto wote mezani na sindano."

Wote mliomjua Arsène mnajua hasira yake ilivyokuwa, haikubisha hodi. "Mama," alimwambia, "mimi nimefanya kazi ya vitabu tangu kijana, uzi unatangulia, gundi inafuata."

"Kwenu labda," akajibu Mama Herlinda, "kwetu gundi ilitangulia, na mimi nilikuwa na miaka tisa na nilijidunga kidole."

"Mtoto wa miaka tisa atakumbuka nini?"

"Atakumbuka sindano, bwana!"

Akamfungulia mlango. Tunasema wazi kwa kuwa yeye mwenyewe alitaka isemwe wazi, alimfukuza mgeni aliyemletea keki, na keki akabaki nayo. Bwana Mahamud, aliyesikia yote kupitia ukutani, aliingia bila salamu akamwambia, "Wallahi, Mzee Bisimwa, umefukuza mwenye kitabu kwa sababu ya kitabu? Akili zako ziko sawa?" Marehemu akamjibu, "Sheikh, rudi kwa simu zako." Bwana Mahamud akarudi, lakini hakwenda kwa simu, alikwenda kabatini kwake akatoa kitabu chekundu cha gundi alichokuwa amekiokota katika lile boksi la mlangoni kwa ajili ya binti yake Batula, kurasa zimeachana, zimefungwa kwa mpira, akakibwaga juu ya meza na kusema, "Haya, fundi, soma hiki kwanza ndipo unifokee."

Marehemu akavilaza viwili hivyo sambamba kama alivyozoea, akaona karatasi ni ile ile, wino ni ule ule, na mkwaruzo uliopita kwenye bamba la chapa unakata herufi zile zile katika kurasa zile zile, maana yake karatasi zote zilitoka mashineni siku moja. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa kitabu anachokiheshimu, alichukua kisu akachana mgongo wa kile cha uzi, na chini ya uzi, kwenye mikunjo yenyewe, akaiona gundi kavu ya njano, imetobolewa na sindano. Sindano ilipita juu ya gundi, gundi ilikuwako kwanza. Bwana Mahamud anasema marehemu alikaa chini, akasema neno moja la Kishi, lugha ya kwao Walungu, ambalo hakumtafsiria, na hapo hakuwa na hasira tena.

Kesho yake alizunguka mikahawa ya Moseley mpaka akampata Mama Herlinda na mjukuu wake, akamwomba radhi amesimama, mbele ya watu, na yule mama akamwambia, "Kaa, unanizibia mwanga," wakawa marafiki tangu dakika ile. Mama Herlinda aliporudi El Paso siku chache baadaye hakuwa na neno na mtu, hakuandika chochote, hakumwambia muuza vitabu yeyote, hivyo siri ilibaki kwa watu wachache tu, na marehemu akanyamaza. Ndiyo, alinyamaza, msituangalie hivyo. Miezi ikapita, mwongozo ukakaa mtandaoni jinsi ulivyo, lakini Mama Sabine aliona kwamba mteja akiuliza, "Ni cha kwanza?" mumewe anajibu, "Angalia mwenyewe," mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kumwambia mteja aangalie mwenyewe. Fortunée alipoambiwa akasema, "Dad, just post it, weka online, imeisha," na marehemu akamwambia si hivyo, watu hawa hakuwapa neno lake mtandaoni, aliwapa uso kwa uso.

Tarehe 22 Januari 2024 madaktari walimgundua kuwa ana saratani ya kongosho, na wakamweleza kwa upole kwamba muda si mrefu. Usiku ule ule, hapo kitandani, Mama Sabine alimwambia, "Papa Fortunée, unaogopa nini? Bakucheke, bamalize. Lakini usiende kwa Mungu na uongo wa uzi." Asubuhi marehemu aliurekebisha mwongozo, akaandika juu kabisa, kwa maneno yake mwenyewe, "Nilikosea. Cha gundi ndicho cha kwanza. Arsène Bisimwa," na daktari wake anashuhudia kwamba swali la kwanza alilomuuliza halikuhusu dawa, lilikuwa kama ataweza bado kupanda ngazi za watu.

Albert akaacha kazi zake za jioni akawa dereva, na baba akapita mlango kwa mlango, Handsworth, Moseley, hadi Longbridge kwenye nyumba mpya zilizojengwa pale alipokuwa akifagia zamani, akisema maneno yale yale kila mahali, "Nilikuuzia kwa neno langu, neno lilikuwa na kosa, nimekuja kulirudisha." Bwana Lakhbir wa Handsworth alimjibu, "Arsène bhai, kitabu kimekaa kwangu miaka kumi hakijalalamika, wewe ndiye unayelalamika, kaa ule." Muuza vitabu mmoja wa Moseley, ambaye hatutamtaja kwa kuwa yupo hapa leo, alimwambia kwamba amemfanya mjinga mbele ya wateja wake na akamfungia mlango usoni, na marehemu alimwambia Albert kwenye gari, "Huyo ana haki," na leo bwana huyo ameleta maua makubwa kuliko yote mnayoyaona, familia inamshukuru na haina kinyongo.

Mlango mmoja ulikuwa mgumu. Mama Fiona wa Longbridge alikuwa amemnunulia mumewe Gordon kitabu chekundu cha uzi, na Gordon, aliyewahi kufundisha Texas ujana wake, alikipenda hata mwaka 2019 alipofariki wakamzika nacho. Albert alimsihi baba yake ndani ya gari, "Dad, please, huyu muache, amezikwa nacho, itasaidia nani?" Marehemu alikuwa tayari amekonda, koti limemzidi, akamwambia, "Gordon ndiye aliyeniamini kuliko wote, sasa yeye ndiye nimfiche?" akashuka, akavua kofia kabla hata ya kugonga.

Mama Fiona alisikiliza amesimama mlangoni, na alipomaliza kusikiliza alisema, "Arsène, alikuwa akikifurahia sana." "Najua, mama." "Basi uniambie alifurahia kitu gani." Na marehemu, ameegemea fremu ya mlango, akamweleza habari ya jiko la El Paso, mama na watoto wake wamezunguka meza, sindano zinapita kwenye kurasa zilizokwisha kuachana, binti wa miaka tisa anajidunga kidole na kuambiwa endelea, ili watu waliorudisha mashairi yao yakiwa vipande vipande wapate kitabu kisichofumuka tena. Mama Fiona akasema, "Ningependa angelijua hilo, lingemfurahisha kuliko kuwa cha kwanza," akalia kidogo, akamshika marehemu mkono akamwingiza ndani, na Albert akaitwa kutoka kwenye gari kwa sauti ambayo mtaa mzima ulisikia. Mama Fiona yupo nasi pia, na ni yeye aliyeomba jambo hili lisomwe lote, lisikatwe.

Kuanzia mwezi Novemba 2024 marehemu hakutoka tena nyumbani. Aliendelea kupokea watu waliokuja na vitabu vyao kuulizia, akavigusa migongo, akasema lile analolijua na lile asilolijua, na kwa lile asilolijua alisema "Sijui" kwa raha ambayo hatukuwahi kuiona kwake. Tarehe 3 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa kitandani kwake, Mama Sabine amemshika mkono, aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Ameacha mjane, watoto wawili, na mjukuu mmoja, Joëlle, ambaye babu yake alimsomesha ukurasa wa kushoto na ambaye sasa anamjibu bibi yake kwa Kiswahili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani waliomwambia ukweli bila kuuzungusha, jambo alilolithamini kuliko dawa zenyewe, na wauguzi waliokuja nyumbani kwenye mvua wakavumilia kusahihishwa namna ya kukunja mashuka. Inawashukuru majirani wa mtaa waliopika zamu kwa zamu, Wasomali, Wapunjabi, Wakongomani na Waingereza, mpaka tukakosa pa kuweka masufuria. Inamshukuru Mama Herlinda Bustillos, ambaye anasikiliza sasa hivi kwa simu kutoka El Paso, aliyemsamehe mtu aliyemfukuza. Inamshukuru kwa namna ya pekee Bwana Mahamud, aliyefungua duka la marehemu kila asubuhi kwa mwaka mzima bila kuombwa, akawauzia watu vitabu asivyovijua, akiwaambia tu, "Subiri nimuulize mwenyewe," akapiga simu. Inawashukuru wauza vitabu wenzake, waliofika na waliotuma salamu.

Kuna neno moja la mwisho, na si letu, ni agizo lake, aliloliagiza litamkwe mbele ya jeneza lake kwa kuwa alijua kuna watu ambao miguu yake haikuwafikia. Kama nyumbani kwako una kitabu chekundu cha Mezquite kilichoshonwa kwa uzi, na ukaambiwa na Arsène Bisimwa kwamba ndicho cha kwanza, basi sicho, karatasi zake ni za siku ya kwanza lakini kilishonwa baadaye, alikosea, hakukusudia kukudanganya, na anakuomba radhi. Usikitupe. Watoto walikishona.

Papa Arsène, umemaliza milango yote, na huu wa mwisho tumekugongea sisi. Pumzika sasa kwa amani, mtu wa neno lako.